Uzi wa Sufu na Ulezi wa Kate

12 Mei

Selemani anasema nikiolewa na maneno yangu yote itabidi tujenge chumba cha kuyaweka. Anatania, lakini si sana. Basi nimenunua daftari hili, na kuanzia leo hadi harusi, ambayo ni Agosti mara baada ya Nane Nane, kila neno ambalo nikilisema mtu atanuna nitaliandika humu.

La kwanza: Bwana Nestory ni mzito. Ndiye mkuu wa maabara yetu ya chakula, maabara yenyewe chumba kimoja na nusu, na mkubwa wangu huyu anaweza kukaa asubuhi nzima akitazama wanga ukituama chini ya chupa huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Nikimuuliza kama hatuwezi kuchuja tu tukaendelea, ananijibu, "Wanga hauna haraka, binti Shamsi. Mwenye haraka ni wewe."

Nimesomea Dar es Salaam. Haraka yangu ina cheti.

15 Mei

Tumepata kazi mpya. Shule kadhaa za huku zinawapikia watoto uji wa ulezi, na kumezuka maneno kwamba kuna watu wanachukua unga wa muhogo, wanautia rangi ya dukani ukawa mwekundu mzuri, wanauuza kama ulezi. Sasa tutapima unga wa kila anayeuzia shule. Bwana Nestory anapokea vifuko, anaondoa majina na kubandika namba. Mimi napima bila kujua ni wa nani.

"Macho yakishajua jina," alisema, "yanaona yanachotaka."

Nikamwambia macho yangu hayana ndugu. Akacheka, polepole, kama anavyofanya kila kitu.

19 Mei

Kwa faida ya Selemani, ambaye anadhani kazini nachemsha maji tu, namna yenyewe ni hii. Unga unalowekwa kwenye spiriti yenye amonia, kwa sababu wanga ukishashika rangi hauiachii kwa maji matupu. Unasubiri utuame (nyimbo nne hadi tano za Bwana Nestory). Unamimina maji ya juu, unayapasha mpaka harufu ya amonia iishe, unatia asidi kidogo, kisha unatumbukiza uzi mweupe wa sufu na kuuchemsha. Rangi ya ulezi wenyewe hata ikigusa uzi, ukisuuza inaondoka. Rangi ya kiwandani haiondoki. Unaweza kusuuza mpaka vidole vife ganzi kwa baridi, uzi utabaki mwekundu.

Naupenda uzi huu, nakiri. Hauna adabu ya mjini, unasema ulichokiona.

26 Mei

Upepo. Nyuzi zote nyeupe. Upepo tena.

3 Juni

Mama wa Kate ametuma unga wa ulezi wa msimu mpya. Nimekoroga uji jioni hii na kumpelekea Baba dukani. Rangi yake nzuri ajabu, kama udongo uliolowana. Baba amekunywa vikombe viwili, mimi kimoja, naye akasema ardhi ya Kate mwaka huu imependelewa.

Kwa yeyote atakayesoma humu bila ruhusa: Mama wa Kate ni Fransiska, mkulima wa Kate, upande wa Nkasi, Mkatoliki wa kusali rozari hata akipalilia. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na majuma machache. Baba alikuwa akinunua nafaka vijijini, na siku moja alifika Kate amenibeba kwenye kanga ya marehemu, nalia, na yeye hajui afanye nini. Fransiska alikuwa na kichanga chake, Felisian. Alimwambia Baba, "Mlete huku, Mungu ameniwekea maziwa ya wawili." Nilikaa kwake mpaka nikajua kutembea. Shehe wetu alitamka mbele ya watu kwamba huyo ni mama yangu wa kunyonya na Felisian ni kaka yangu, hivyo hivyo kama wa tumbo moja. Tangu hapo Idd haiwi Idd nyumbani kwetu mpaka yeye afike, na Krismasi ya Kate hainipiti.

Sasa ana kikundi cha akina mama. Wanasaga ulezi na kuuzia shule ya pale. Anakijivunia kuliko anavyojivunia padri wake.

7 Juni

Idd. Mama wa Kate amekuja na kuku na kelele zake. Nimemshika mikono nimbusu, nikaona kucha na mistari ya viganja vyake vyekundu.

"Mama, umepaka hina?"

"Uzee huu nipake hina ya nini?" Akaifutika mikono ndani ya kitenge. "Kula nyama yako."

Baba akageukia ukutani kama mtu anayetafuta saa. Wawili hawa wana jambo. Duka la Baba linauza kila kitu, chumvi, sabuni, sindano, kamba, rangi za kutilia ukindu wa mikeka, na wakinong'onezana pale nyuma ya magunia huwa kuna mtu anafanyiwa mpango. Mwaka huu nadhani mtu huyo ni mimi. Nimefurahi na nimejifanya mjinga.

11 Juni

Nimemkamata. Namba sita, uzi umetoka mwekundu kama taa ya gari. Bwana Nestory akarudia, akapata hivyo hivyo, ndipo akanitajia: mfanyabiashara mmoja wa Laela, muhogo mtupu uliopakwa rangi. Ameondolewa leo hii kwenye orodha ya shule, na mchana sokoni kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni.

Nimelala kidogo kwa raha. Nilikuwa nawaza ni watoto wangapi waliohimizwa wamalize ule uji.

17 Juni

Mwizi wa pili. Namba kumi na moja. Si mwekundu wa kelele kama wa Laela, ni mwekundu wa wastani, lakini nimesuuza na kusuuza, haukutoka. Nikautia kwenye amonia rangi ikatoka, nikaweka uzi mpya, ukashika tena. Hakuna ubishi hapo.

Huyu ni mjanja zaidi, maana unga wake ni ulezi wa kweli. Kautia rangi ili upendeze tu. Ningekuwa hakimu ningemkalisha mbele ya wanafunzi nikamnywesha sufuria nzima ya uji wake, bila sukari. Nimemwambia hivyo Bwana Nestory. Hakucheka. Alichukua chupa akaanza kupima upya yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuimba.

18 Juni

Namba kumi na moja ni kikundi cha Kate.

Bwana Nestory aliniambia asubuhi kabla sijavua koti. Alinivutia kiti kwanza. Nilidhani kuna mtu amekufa.

"Nimepima tena," alisema. "Mara mbili. Uzi ni mwekundu."

Nikamwambia nimekosea mimi. Nikasema labda chupa ilikuwa na mabaki ya Laela, labda uzi ule haukuoshwa vizuri. Akasikiliza yote, kisha akanionyesha chupa mpya, uzi mpya. Nikamwambia huyo ni mama yangu. Akasema anajua, Sumbawanga nzima inajua. Nikamwomba basi angoje wiki moja kabla ya kupeleka majibu. Akasema shuleni watoto wanapikiwa kila siku, na leo hii anapiga simu unga ule usitishwe.

Hapo nilisema maneno ambayo daftari hili lilinunuliwa kwa ajili yake. Nilimwambia hana haraka siku zote isipokuwa siku ya kumwangamiza mtu. Nilimwambia aliyemlea yeye hakumlea vizuri. Aliningoja nimalize, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

"Uzi umesema kuna rangi," alisema. "Haujasema iliingiaje. Wewe kuanzia sasa hugusi sampuli hiyo. Keshokutwa tunakwenda Kate."

Nimerudi nyumbani nikaufungua mfuko wa unga alionitumia Mama. Ule uliopendeza ajabu. Nimeunusa, nimeumwaga kidogo kiganjani. Nilikuwa nimeandika humu kwamba ningemnywesha uji wake mwenyewe bila sukari. Mimi ndiye niliyeunywa, na sukari nilitia nyingi, na ulikuwa mtamu.

Mama wa Kate hawezi kumdanganya mtoto. Nasema hivi nikilia. Lakini uzi nao sijawahi kuuona ukidanganya.

19 Juni

Baridi imepasua midomo. Sokoni nimesikia mwanamke akisema, "Wale wa Kate nao wanapaka unga rangi." Nimepita.

20 Juni

Nimerudi kutoka Kate na lazima niandike yote, hata kama mkono unauma.

Tulikuta akina mama wanatusubiri kwenye ua wa Mama Fransiska, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kubatiza. Habari ilishafika. Agnesi, katibu wa kikundi, alikuwa amekunja uso. Mama alinikumbatia lakini mwili wake ulikuwa mgumu.

Bwana Nestory aliwasalimia kwa Kifipa, akakaa, akala viazi alivyoletewa, akauliza mvua ziliishaje mwaka huu. Mimi nilikuwa nachemka. Baada ya viazi akasema, "Akina mama, nionyesheni ulezi unavyotoka shambani mpaka unaingia mfukoni. Msiruke hatua hata kama mnaona haina maana."

Wakamwonyesha. Wanapura, wanapepeta, kisha wanaosha kwa maji mengi kwa sababu upepo wa mwezi huu unaleta mchanga, na mtoto akitafuna mchanga haurudii uji. Kila walipomfikisha alitoa uzi mweupe, akaulowesha maji yenye asidi kutoka kichupa chake, akausugua: kwenye ungo, kwenye ndoo, kwenye mashine ya kusagia, hata kwenye mdomo wa gunia. Uzi ulichafuka vumbi, akausuuza, ukawa mweupe.

"Mkishaosha mnaanika wapi?"

"Turubai," akasema Agnesi. Turubai likasuguliwa. Uzi mweupe.

"Wote mnaanika hapa?"

Agnesi akamtazama Mama, na wengine wakatazama chini.

"Fungu langu nilianika ndani kwangu," alisema Mama. "Turubai lilikuwa limejaa."

"Kwenye nini, mama?"

"Kwenye mkeka."

"Tuuone."

"Hapana."

Sikuamini masikio yangu. Nilimsogelea, nikamwambia, "Mama, tafadhali. Majibu yakienda hivi hivi watakuandika wewe na wenzako kuwa mmetia rangi makusudi. Shule itawakataa kabisa."

"Waandike. Waandike Fransiska mwizi. Mkeka huo wewe hutauona."

"Mama Felisian," Agnesi akasema, "si jina lako peke yako. Ulezi wetu wote ulichanganywa mashineni. Na sisi tuna watoto wanaosoma pale."

Mama akatikisa kichwa, machozi yamemjaa. Nami, Mungu anisamehe, niliuamini uzi kuliko yeye. Nilimuuliza mbele ya wote, "Kwani unaficha nini?"

"Nilikuficha upepo ukiwa mdogo," alisema. "Na hiki nakuficha."

Bwana Nestory alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini. Akatazama mikono ya Mama, akanitazama mimi, kisha akatazama mikono ya Mama tena, bila haraka yoyote. Halafu akasema, "Binti Shamsi, nenda nje ya ua ukatazame mlima."

"Mlima gani?"

"Wowote. Mradi mgongo wako uelekee nyumba."

Nilikwenda. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuhamisha huo mlima wenyewe. Nilisimama kwenye upepo natazama mashamba yaliyovunwa, nikasikia huko ndani sauti yake ya chini kwa Kifipa, kisha Mama akajibu kwa kirefu, kisha akina mama wakasema "aaa" kwa pamoja, kama watu wanaoonyeshwa mtoto. Halafu nikasikia Mama analia kwa sauti, na Agnesi akimbembeleza, Agnesi yule yule.

Bwana Nestory alitoka ameshika kichupa cha kioo. Ndani yake uzi mwekundu.

"Umetoka wapi huo?"

"Ni wa mkeka. Ulezi ulianikwa mbichi, jua la kipupwe ni hafifu, ukakaa juu yake siku kadhaa ukinywa rangi. Nao ulezi ni mwekundu tangu kuzaliwa, nani angeona?" Akatia kichupa mfukoni. "Mengine utayajua Agosti."

Nilipoingia kuaga, Mama alikuwa anajifuta uso na kitenge. Alisema, "Nimewalisha watoto rangi, Jasmin. Mimi." Nilikaa chini karibu yake tu, kichwa begani kwake, mpaka gari likapiga honi.

Njiani shati la Bwana Nestory lilinukia ukindu mpya. Ukindu, mikono myekundu siku ya Idd, Baba akitafuta saa ukutani, Agosti. Nimeelewa, na hapo hapo nikaamua sijaelewa. Ila jambo moja kweli silielewi. Zawadi mtu anaikunja na kuiweka juu ya dari. Kwa nini aanike juu yake ulezi uliolowa?

Nilimuuliza Bwana Nestory. "Hilo nalo Agosti," akasema, na akaanza kuimba. Nimeomba radhi kwa yale ya juzi. Akasema aliyemlea alimlea vizuri kiasi cha kutosha, akaendelea na wimbo.

21 Juni

"Baba, Mama wa Kate alinunua nini dukani mwezi wa tano?"

"Chumvi."

"Na nini?"

"Chumvi nyingi."

25 Juni

Bwana Nestory ameiyeyusha rangi ya uzi wa mkeka na ya unga, akatia tone la kila moja kwenye karatasi ya kuchujia na kusimamisha ukingo wake kwenye maji. Nilisimama mbali, mikono nyuma, kama alivyoniamuru. Matone yalipanda pamoja kama dada wawili wanaokwenda kisimani, yakasimama mahali pamoja. Rangi ni moja. Ile ya Laela, aliyoiweka pembeni, ilisimama chini kabisa.

Nilikuwa nikidhani mtu huyu ni mzito. Angekuwa mwepesi kama mimi, Mama angekuwa sokoni sasa hivi kwenye midomo ya watu pamoja na yule wa Laela, na hakuna ambaye angeuliza zaidi.

27 Juni

Majibu yamekwenda. Kwamba unga una rangi isiyo ya chakula; kwamba imetoka kwenye mkeka wakati wa kuanika, haikutiwa; kwamba unga wote wa safari ile uharibiwe, na kikundi kisiuzie shule mpaka kipimwe upya mwezi ujao. Kwamba watoto waliounywa waangaliwe. Mwalimu amesema wote wazima na wanauliza uji umekwenda wapi.

Sikupata nafasi ya kubadili hata nukta, na sasa nashukuru.

2 Julai

Felisian amepiga simu. Wamechimba shimo na kuuzika unga wote. Mama alishuka mwenyewe shimoni kuukanyaga, hakutaka mwingine afanye. Kisha akafungua akiba yake ya nyumbani, ulezi aliokuwa ameuweka mpaka mavuno yajayo, akawagawia wenzake kufidia. Agnesi alikataa fungu lake, wakagombana, wakaishia kula pamoja.

"Na yeye atakula nini?" nimemuuliza.

"Anasema ana mtoto wa mwenye duka."

3 Julai

Nimemtumia mchele na mafuta. Amerudisha nusu kwa basi hilo hilo.

9 Julai

Kipupwe kimekaza. Asubuhi maji ya bomba yanachoma. Selemani amepita kutoka Tunduma na lori la mifuko ya saruji, amenikuta nimejifunga mablanketi mawili naandika. Anauliza kama yupo humu. Nimemwambia yupo, pembeni.

Ameuliza kwa nini sina furaha na harusi imekaribia. Nimemwambia ukweli: kama kikundi kikianguka tena, Mama hatakuja. Ninamjua. Atakaa Kate kwa aibu, na mimi siwezi kuolewa bila mtu aliyeninyonyesha. Nilitegemea atanitania. Alisema, "Basi tutaoana Kate, uani kwake." Nitaolewa na huyu.

15 Julai

Vifuko vya mzunguko wa pili vimefika. Bwana Nestory amebandika namba.

"Si ulisema nisiguse?"

"Nilisema usiguse kile ulichokijua. Hivi huvijui." Akanisogezea vyote. "Pima."

Nikamwambia naogopa. Akasema wanga haujali.

16 Julai

Nimesubiri utuame. Sikuharakisha hata kimoja. Nimejikuta naimba nyimbo za kwaya ambazo hata maneno yake siyajui. Bwana Nestory alikuwa ananisahihisha kutoka chumba cha pili.

Nyuzi zote zilitoka na rangi hafifu ya ulezi wenyewe. Nikazisuuza mmoja mmoja. Wa kwanza ukawa mweupe. Wa pili, mweupe. Nilipofika wa mwisho nilifumba macho nikisuuza, nikafumbua. Mweupe kama nyingine.

Nilimpelekea zote kwenye sahani. Alizitazama, akavua miwani, akasema, "Mpigie simu mama yako." Hakuniambia ilikuwa namba ngapi na sikumuuliza.

Mama alipokea simu akiwa shambani. Nilimwambia ni safi. Nikasikia upepo wa Kate kwenye simu, na kwa mbali akimwita Agnesi.

28 Julai

Shule imepokea unga. Mwalimu anasema watoto wamelalamika kwamba uji si mwekundu kama zamani. Bwana Nestory ameichekea hiyo habari mchana kutwa.

8 Agosti

Nane Nane. Mji mtupu, watu wote wako kwenye maonyesho. Nimechorwa hina miguuni na mikononi, siruhusiwi kushika kitu, naandika kwa vidole viwili. Mama wa Kate yuko chumba cha pili na furushi refu ambalo ananitaka nisilione. Nimepita mbele yake nikiwa nimefumba macho, nikagonga mlango.

10 Agosti

Nimeolewa jana. Nitaandika lile moja tu, mengine Selemani anayakumbuka.

Kabla sijatolewa chumbani, Mama wa Kate aliwaomba shangazi zangu ruhusa. Akaingia na furushi, akalifungua, akakunjua mkeka. Mwekundu, wenye pindo nyeupe na vijimiraba ambavyo najua kila kimoja kilimchukua jioni. Katikati aliweka ulezi mpya, umefungwa ndani ya kitambaa cheupe.

"Kwetu," aliwaambia wanawake wote, "marehemu mama alinifundisha kwamba mkeka wa bibi harusi haupelekwi mtupu. Unabebeshwa nafaka mpya kwanza, ili nyumba yake isikose chakula. Mkeka mpya hunyeshewa mvua, unatoa rangi yake ya ziada, ndipo unatumika. Huu niliumaliza mvua imekwisha. Nikasema, nafaka njema kuliko ile ya watoto nitaipata wapi? Nikaianika juu yake." Akagusa kitambaa. "Safari hii imefungwa, Bwana Nestory asije akanipeleka ndani."

Watu walicheka. Bwana Nestory alikuwa uani na wanaume, nadhani alisikia, maana aliacha kuimba.

Wakaniosha miguu, wakanisimamisha juu ya mkeka. Nyayo zangu zilikuwa bado mbichi. Nilipoinua mguu kwenda kwa mume wangu, chini ya ile hina yote ya kuchorwa kwa saa nzima, nyayo zilikuwa nyekundu tupu.

Mama aliona kabla ya wote. Alipiga magoti, akashika ncha ya kitenge chake akaanza kunifuta, analia, anasema, "Nimekuchafua na wewe." Nilimvuta mkono.

"Acha, Mama."

"Haitatoka, Jasmin."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo kazi yangu kujua."

Bwana Nestory alipokuja kunipa mkono wa heri alitazama miguu yangu, kwa utaratibu wake, mmoja kisha mwingine. Akasema hii haihitaji uzi.

12 Agosti

Nimeoga, nimesali, nimeoga tena. Asubuhi Selemani alinikuta nimekaa nimeinua miguu juani, akauliza kama anisugulie kwa jiwe, nyayo bado nyekundu. Nimemwambia asiguse.